Likizo kwa Baisikeli: Vyombo vya Lazima na Vyombo vya Kuacha Dukani



Kila nikizuru tawi huuliza swali moja: "Nani kati yenu alikwenda likizo mwaka jana?" Katika shamba moja la chai lililo kati ya Kyenjojo na Fort Portal, magharibi ya Uganda, niliuliza swali hilo mbele ya watu wapatao sitini. Iliinuka mikono minne tu. Mzee mmoja mchumaji akasimama akasema, "Ndugu katibu, likizo ni ya mwenye nauli. Sisi tukipewa siku zetu tunakaa hapahapa kambini, na nyapara akipita mlangoni anatuita tukasaidie kupakia." Wengine walikiri kwamba siku zao huziuza. Wanazirudisha kwa karani, wanapokea fedha kidogo, kisha wanarudi shambani siku ileile.

Ndugu zangu, hilo si jambo dogo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 aliyotumika mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka likizo isiyopungua wiki tatu kwa mwaka, na unasema kwamba mapatano ya kuiacha likizo hiyo ya chini kwa kubadilishana na fedha yawe batili au yapigwe marufuku. Waliouandika walijua kwamba mtu mwenye njaa atauza hata usingizi wake. Mgongo unaobeba kikapu cha chai mwaka mzima hauponi kwa noti mbili tatu. Unapona kwa kupumzika.

Lakini mzee yule alisema kweli pia. Haki isiyo na nauli hukaa kwenye karatasi. Ndiyo maana mwanzoni mwa Septemba 2022 tulikubaliana watu sita tujaribu likizo fupi ya siku tatu, kwa baisikeli zetu wenyewe, tukilala nje usiku mara mbili. Tulikuwa wachumaji watatu, kijana mmoja wa mashine kiwandani, dada mmoja wa kuchambua majani, na mimi. Safari ilikuwa ya kwenda kwenye maziwa madogo ya Kasenda, kusini ya Fort Portal, yale yaliyojaa katika mashimo ya volkeno za zamani. Wenzetu wengi wamezaliwa karibu na maziwa hayo wala hawajapata kuyaona, ila wanaona wageni kutoka Ulaya wakipita ndani ya magari kwenda kuyatazama.

Makala hii ni juu ya vyombo tulivyochukua: kipi kilitufaa, kipi kilitudanganya, na kipi kilimwingiza mwenzetu katika deni.

BAISIKELI KWANZA

Usinunue baisikeli mpya kwa ajili ya safari. Baisikeli zetu hizi nzito za chuma, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fimbo, ndizo zinazobeba mikungu ya matoke na magunia ya makaa kila siku. Zitashindwaje kubeba blanketi? Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kazi ya boda boda ilianza kwa baisikeli za namna hii hii, abiria akikaa kwenye keria.

Kazi yako ni kuikagua, tena juma zima kabla ya siku ya kuondoka. Zungusha kila gurudumu uone kama limepinda. Bana spoku mbili mbili kwa vidole; iliyolegea utaijua, nayo ikazwe na fundi. Tazama tairi ubavuni, maana tairi huchanika ubavuni kabla ya kwisha juu. Kaza nati za keria, kwa kuwa keria ndiyo ghala yako. Safisha cheni kwa kitambaa, itie mafuta kidogo, kisha uyafute yaliyozidi ili yasishike vumbi.

Breki ziangaliwe kuliko vyote. Rimu za chuma zikilowa maji, mpira wa breki huteleza juu yake, na baisikeli yenye mzigo haisimami upesi. Nunua mipira mipya ya breki. Bei yake ni ndogo, na hakuna kitu kingine katika orodha hii chenye thamani kama hiyo. Tena, mvua ikinyesha nawe uko kwenye mteremko, shuka utembee. Hakuna aibu.

Vyombo vya ufundi ni hivi: pampu, tyubu moja nzima, viraka na gundi yake, kipande cha msasa, spana ya kufungulia magurudumu, spoku tatu au nne, na waya mwembamba. Tairi unaweza kulitoa kwa vishikio vya vijiko viwili vya chuma. Watu sita hawahitaji pampu sita. Sisi tulibeba pampu mbili na spana seti moja, tukachangia. Tyubu zilizokwisha msizitupe. Zikateni vipande virefu vya mpira, maana hakuna kamba inayoshika mzigo kwenye keria kama mpira huo.

MWANGA NA KUONEKANA

Hapa nasema kwa uchungu. Mwenzetu mmoja wa tawi jirani aligongwa na lori saa moja jioni akirudi kazini. Hakuwa na taa, wala kiakisi mwanga, na shati lake lilikuwa jeusi. Dereva alisema hakumwona, na mimi naamini hakumwona. Tulichangishana sanduku.

Kwa hiyo kila baisikeli iwe na kiakisi chekundu nyuma na cheupe mbele. Asiye na taa ya dinamo achukue tochi ndogo aifunge kwenye usukani. Vaa shati jeupe au la njano. Na zaidi ya yote, msisafiri usiku. Katika sehemu zetu giza huingia saa moja. Ifikapo saa kumi alasiri muwe mmekwisha kuchagua mahali pa kulala. Baisikeli yenye mzigo, katika nchi ya vilima, haiendi zaidi ya kilomita 10 au 12 kwa saa, kupumzika kukiwamo. Basi kilomita 40 ni kazi ya siku moja. Msijidanganye kwa kupanga 80.

MAHALI PA KULALA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kijana wetu wa mashine alikwenda mjini akamkuta mfanyabiashara anayewakopesha wafanyakazi kwa kukatwa mshahara. Akachukua hema, mfuko wa kulalia, na jiko la gesi. Alitia sahihi bila kuhesabu. Alipokuja kunionyesha karatasi tuliona atakatwa miezi mitano. Safari ya siku tatu, deni la miezi mitano! Nikamuuliza, "Mdogo wangu, watoto watakula hema?" Akanyamaza. Mali ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mwenye duka alikataa kuirudisha.

Wale wachumaji watatu hawakuwa na uwezo wa kukopa, hata kama wangetaka. Wanalipwa kwa kilo, na msimu ule majani yalikuwa machache. Wao walileta turubai moja la mita 3 kwa 4, lile la kuanikia mahindi, na kamba ya katani.

Turubai hutumika hivi. Funga kamba baina ya miti miwili, kimo cha kiuno chako. Tupa turubai juu yake kama paa la nyumba. Pembe zake zivutwe na kufungwa kwenye vigingi vya miti. Ikiwa pembe haina tundu la kamba, usiitoboe kwa kisu, itachanika. Weka kijiwe cha mviringo ndani ya pembe, likunje turubai juu ya kijiwe, kisha funga kamba shingoni mwake. Haling'oki. Pasipo na miti, simamisheni baisikeli mbili zikitazamana, mzifunge imara kwa vigingi, ziwe nguzo. Upande mmoja wa paa ushuke hadi chini kule upepo unakotoka. Turubai la kadiri hiyo linatosha watu watatu waliolala karibu karibu.

Chagueni mahali palipoinuka kidogo. Bondeni maji hukusanyika, na kando ya maji mbu ni wengi. Angalieni juu: tawi bovu likianguka usiku haliulizi nani amelala chini yake.

Baridi hutoka chini kuliko juu. Fort Portal iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea joto la bondeni atatetemeka usiku. Mtu aliye na mablanketi mawili juu na udongo mtupu chini atapata baridi kuliko mwenye blanketi moja juu na nyasi kavu chini. Tandikeni majani makavu ya migomba au nyasi, juu yake plastiki, juu ya plastiki gunia au mkeka, ndipo mlale. Chukua blanketi moja zito la mtumba, soksi, na sweta. Pale soko la Mpanga, Fort Portal, vitu hivi vinapatikana kwa mitumba, tena vizito kuliko vipya.

Chandarua chenye dawa msikiache. Ukiumwa malaria baada ya likizo, umeilipa likizo hiyo mara mbili. Kifungeni chini ya turubai, pindo lake likandamizwe chini ya mkeka.

Na ninyi mnaolala ndani ya hema lililofungwa, au hata chini ya turubai lililozibwa pande zote: msiingize jiko la makaa ndani kwa ajili ya joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala nayo wasiamke.

CHAKULA NA MAJI

Jiko la gesi la kijana wetu liliisha gesi asubuhi ya siku ya pili. Mafiga matatu hayaishi. Sufuria moja kubwa yenye kifuniko, mwiko, sahani ya bati na kikombe kwa kila mtu, kisu, kibiriti viwili. Kibiriti kimoja kiwekwe ndani ya kaveera na kufungwa vizuri, maana kilicholowa hakina kazi. Kuni ziombwe kwa wenyeji au ziokotwe zilizoanguka. Kukata miti ya watu ni kutafuta ugomvi.

Maharage hula kuni nyingi na saa nyingi. Yachemsheni nyumbani, yaliwe usiku wa kwanza. Usiku wa pili mpike mukene, ambao huiva upesi. Unga wa posho nusu kilo kwa mtu kwa siku unatosha. Ongeza chumvi, sukari, karanga za kukaanga za kutafuna njiani, na majani ya chai. Hayo tunayo wenyewe, au sivyo?

Maji: mwendesha baisikeli juani anahitaji lita 3 kwa siku, wakati mwingine zaidi. Maji ya ziwa au kijito yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, hata yakionekana safi. Mtu akiharisha, mchanganyieni lita moja ya maji yaliyochemshwa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Sasa sikilizeni neno hili, wafanyakazi wa mashamba. Mtu mmoja wetu alikuja na kidumu kizuri cha lita 5, kimeoshwa, kinang'aa. Nilikigeuza nikaona alama ya karatasi iliyobanduliwa. Kilikuwa kidumu cha dawa ya kuua magugu kutoka stoo ya shamba. Akasema amekiosha kwa sabuni mara tatu. Nilikitoboa kwa msumari mbele ya wote. Plastiki hunywa sumu, na sabuni haiitoi yote. Dumu la dawa ya magugu, ya wadudu, au ya kuogeshea ng'ombe halitumiki kwa maji, maziwa, mafuta wala pombe, milele. Litobolewe ili mwingine asilichukue. Kidumu cha maji kiwe kilichowekwa mafuta ya kupikia, au kipya.

KUFUNGA MZIGO

Mzigo wote wa mtu usizidi kilo 15. Kumbuka dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20. Nawe unajua baisikeli inavyoyumba ukilibeba. Vizito vikae chini na karibu na tandiko, siyo mwishoni mwa keria. Gawanya sawasawa kulia na kushoto. Magunia mawili madogo yaliyoshonwa pamoja na kuning'inizwa pande mbili za keria hufanya kazi ya mifuko ya dukani. Hakikisha hayagusi spoku. Blanketi na nguo za kulalia ziingie ndani ya kaveera kabla ya kuingia guniani. Mgongoni usibebe kitu. Mgongo upo likizo.

USIKU WA PILI

Tulifika kwenye maziwa siku ya kwanza kabla ya saa kumi. Tulimtafuta mwenyekiti wa LC1 wa kijiji, tukamwamkia, tukamweleza sisi ni nani na tunatoka wapi. Alituonyesha uwanja ulio juu ya ziwa, karibu na nyumba ya mama mmoja mjane, akatukataza kulala upande wa msitu wa Kibale kwa sababu ya tembo. Msilale mahali popote bila kufanya hivyo. Watu wasiojulikana wanaolala porini hudhaniwa wezi, na wenyeji wana haki ya kuogopa.

Dada yetu alilala ndani kwa mama yule. Tulikuwa tumepanga awe na kibanda chake cha plastiki, lakini mama alisema, "Mwanangu hawezi kulala nje mimi nikiwa na kitanda." Katika mipango yenu msisahau akina dada. Wasipopata mahali pao pa kulala na kuoga penye heshima, mtakuwa mmefanya likizo ya wanaume, halafu mtauliza kwa nini hawaji mikutanoni.

Usiku wa kwanza ulikuwa mkavu, na kijana wetu alitucheka kutoka ndani ya hema lake la rangi nzuri. Usiku wa pili ilinyesha mvua kubwa, yenye upepo. Hema lile lilikuwa la kitambaa kimoja chembamba, lisilo na kifuniko cha juu, na mishono yake haikuzibwa. Saa nane za usiku tulisikia sauti: "Ndugu zangu, kuna nafasi?" Aliingia chini ya turubai akiwa amelowa, na mfuko wake wa kulalia umekuwa kama sifongo. Mzee yule mchumaji alimpa nusu ya blanketi lake, hakusema neno. Tulikaa watano chini ya turubai la kuanikia mahindi mpaka asubuhi, wakavu, tukizungumza habari za mizani ya chai na kilo zinazopotea. Katika mazungumzo hayo ya usiku nilijifunza mengi kuliko katika mikutano mitatu ya ofisini.

Sisemi hema ni kitu kibaya. Hema jema, lenye paa mbili na sakafu nzito, ni zuri kwa mwenye fedha taslimu. Ninachosema ni hiki: ukitaka kulinunua, limwagie maji ndoo nzima kabla ya kulipa. Mwenye duka akikataa, umekwisha kujibiwa. Na kitu cha kustarehe kisinunuliwe kwa mkopo wa kukatwa mshahara.

VYOMBO VYA TAWI

Tuliporudi kijana alikuwa bado na miezi mitano mbele yake. Hatukuweza kulifuta deni. Tuliloweza kufanya ni kuhakikisha mwingine haingii shimo lile. Tawi liliamua kununua vyombo vya pamoja kwa mchango mdogo wa kila mwezi: maturubai mawili, sufuria mbili, pampu mbili, spana, na vidumu vipya vya maji. Vinakaa kwa mtunza hazina wa tawi, na daftari lipo. Anayekwenda likizo anaandika jina, anachukua, anarudisha safi na kavu. Turubai likikunjwa likiwa na maji huota ukungu na kunuka, lianikwe kwanza. Atakayechana, ashone.

Kila mtu akaleta vyake: baisikeli, blanketi, sahani, chandarua, vitu ambavyo karibu kila nyumba kambini inavyo. Mkijumlisha mtaona kwamba vya kununua ni vichache mno. Anzeni na mipira ya breki na kiakisi mwanga. Kisha viraka. Kisha turubai, la kununua pamoja. Mengine yapo nyumbani.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye tawi lile nikauliza swali langu. Safari hii mikono iliyoinuka ilikuwa kumi na saba. Si wengi kati ya sitini. Lakini karani alimlalamikia mjumbe wetu kwamba sasa watu "wanadai siku zao kama wanadai mshahara." Mjumbe akamjibu, "Ndiyo, kwa sababu ni mshahara."

Basi, ndugu, kakague breki zako. Kisha nenda ofisini ukaulize una siku ngapi.

Umoja udumu.